“Hii Inavuta Kilomita Ngapi?”

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua duka, mteja alikuwa tayari amesimama nje na begi langu la lenzi begani. Aliikodi Ijumaa kwenda Hifadhi ya Ruaha. “Fundi, umenipa lenzi mbovu. Ina ukungu ndani.” Akaniwekea kamera mezani: nyati, nyati, nyati, wote kama wamepigwa picha chini ya maji. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Saa saba mchana. Walikuwa umbali gani? Ng’ambo ya mto, mbali kidogo na ukingo, labda nusu kilomita. “Lakini si ulisema inavuta?”

Sikumjibu. Nilifunga lenzi ile ile kwenye kamera yake ile ile, nikailaza juu ya kimfuko cha maharage dirishani, nikapiga kibao cha kinyozi aliye upande wa pili wa barabara. Ukikuza picha ile unasoma bei ya kunyoa ndevu na unauona msumari ulioota kutu. Akatazama kibao, akatazama nyati, akanyamaza.

Sasa niseme. Tangu nianze kukodisha lenzi hapa Iringa, swali la kwanza la karibu kila mteja ni hilo hilo: “Hii inavuta kilomita ngapi?” Nimelichoka. Lenzi si bunduki wala redio ya polisi. Haina mahali masafa yake yanapoishia. Ukinibana sana nitakujibu kwamba inavuta kilomita 384,000, maana huko ndiko mwezi uliko, na kwa milimita 600 unaona mashimo yake vizuri kabisa. Je, hilo limekusaidia kumpata simba?

Swali la kuuliza ni hili: mnyama atajaza sehemu gani ya picha? Hilo halihitaji muuzaji, linahitaji kalamu. Chukua umbali kwa mita, zidisha kwa 36 (upana kwa milimita wa sensa kubwa, kile kipande kinachopokea nuru ndani ya kamera), gawanya kwa milimita za lenzi, ile namba iliyoandikwa juu yake. Unachopata ni upana wa eneo linaloingia kwenye picha, kwa mita. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, na wateja wangu wengi wanazo hizo, tumia 24 badala ya 36. Nyati wa yule bwana walikuwa mita 500, lenzi milimita 600, sensa ndogo: eneo la mita 20 kwa upana. Nyati ana urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo kila nyati alipata kama sehemu moja ya saba ya upana wa picha, na hapo ndipo lenzi ilipofika mwisho wake.

Geuza hesabu upande wa pili uone ninachokisema kila siku. Simba aliyelala mita 40 kutoka barabarani, lenzi ya milimita 400 tu, sensa ile ile ndogo: eneo la mita 2.4. Simba amejaa. Mita zile 460 zilizopungua zimefanya kazi ambayo hakuna lenzi ya dukani kwangu ingeifanya. Kutoka milimita 400 kwenda 600 mnyama anakua mara moja na nusu, basi. Kutoka mita 500 kuja 40 anakua mara kumi na mbili na zaidi.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo watu wananikasirikia kama vile mimi ndiye niliyeiwasha. Kiangazi, mchana, ardhi ya Ruaha inapata moto. Mchanga wa mto uliokauka unapata moto zaidi. Hewa iliyogusa ardhi hiyo inapanda mafungu mafungu, la moto pembeni ya la baridi, na nuru ikipita humo inapindishwa huku na huku bila kutulia. Ni jambo lile lile linalokuonyesha mazigazi ya maji barabarani ukiwa safarini mchana. Lenzi ndefu haiondoi mtikisiko huo, inaukuza pamoja na nyati. Ya bei mbaya itaukuza vizuri zaidi. Kuongeza kasi ya shata, pazia la kamera linalofunguka kwa sehemu ya sekunde, hakusaidii, kwa sababu nuru inafika kwenye kioo ikiwa tayari imevurugika.

Sasa mbona mwezi unatoka vizuri? Kwa sababu ukiinua kamera juu, nuru inapita kwenye hewa nzito ya kilomita chache tu, tena usiku, ardhi imeshapoa. Na mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, nyati hana. Nuru ya nyati wako ilisafiri mita zote 500 ikitambaa juu ya mchanga wa saa saba.

Nilijifunza hili kwa gharama yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza kumiliki lenzi ya milimita 600 nilimpiga chui juu ya mbuyu picha zaidi ya mia mbili, mchana, toka mbali, nikifurahi peke yangu garini. Hakuna hata moja yenye ndevu za chui. Baadaye nikagundua kwamba hata boneti ya gari ilichangia: nilikuwa napiga kupitia juu yake, na injini ilikuwa imetoka kuzimwa. Kwa hiyo kanuni zangu za Ruaha ni chache. Uwe kwenye njia za mtoni jua linapochomoza, upige mpaka saa tatu, saa nne ikizidi sana. Piga kwa ubavuni mwa gari, kamwe si juu ya boneti. Mchana lala, au piga tembo walio karibu, au piga mibuyu. Rudi kazini saa kumi. Na kwa kuwa ndani ya hifadhi gari haliruhusiwi kuacha barabara, umbali unaupunguza kwa kungoja, si kwa kukimbiza. Kati ya Juni na Oktoba maji yanabaki sehemu chache, wanyama wanayafuata, na barabara nyingi nzuri zinaambaa na mto. Mwambie dereva azime injini mkae dimbwini saa nzima. Atakuona wa ajabu. Mwache.

Kwa hiyo mtu akija anataka 600 “au basi”, mara nyingi namtoa na 100-400, yaani zumu inayoanzia milimita 100 na kuishia 400. Sigma 150-600 ile toleo la Sport ina uzito wa karibu kilo tatu; 100-400 ya Canon iko kama kilo moja na nusu na kidogo. Tofauti hiyo haionekani dukani, inaonekana saa ya tatu ya kuning’inia dirishani. Zaidi ya hapo, Ruaha ni nchi ya tembo, na tembo hawakupigii hodi. Anatokea kichakani mita kumi toka mlangoni. Ukiwa na 200-600, hata ukiirudisha mwanzo kabisa kwenye 200 na sensa kubwa, unapata eneo la mita 1.8: sikio na jicho. Isipokuwa kama unakwenda kwa ajili ya ndege. Hapo nasalimu amri, chukua 600 na bado utalia. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, huko Hifadhi ya Kitulo ana kama sentimita 12. Mita kumi, milimita 600, sensa kubwa, anapata sehemu moja ya tano ya upana wa picha. Huko hakuna lenzi ndefu kupita kiasi.

Mengine nayapitia haraka.

“Yangu inavuta mara 16, hiyo yako mara tatu tu.” Hizo “mara” ni milimita za mwisho kugawanya kwa za mwanzo, hazina uhusiano na mbali. Lenzi ya 18-300 ni karibu mara 17. Ya 200-600 ni mara tatu, na inamkuza mnyama mara mbili ya ile ya kwanza. Ukitaka namba kubwa kuna Nikon P1000 iliyotoka 2018, mara 125. Ndani yake lenzi halisi inaishia milimita 539. Kilichobaki ni udogo wa sensa, ambayo eneo lake ni kama sehemu moja ya thelathini ya sensa kubwa. Kwa kumtambua ndege jua likiwaka, siyo mbaya hata kidogo. Kwa chui wa jioni usiniite.

“Sensa ndogo inageuza 300 kuwa 450.” Haigeuzi. Ni 300 ile ile. Sensa imekata kingo. Ukikata kingo kwa mkasi picha iliyokwisha chapwa, umeongeza milimita?

“Nitakodi 400 na kile kikuzaji cha kati, nipate 800.” Ni kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Cha mara mbili kinakula stopu mbili za mwanga, yaani kinabakiza robo. Lenzi ya f/6.3 inakuwa karibu f/13 (namba ya f ikikua, mwanga unaoingia unapungua), na kamera nyingi za zamani hapo zinashindwa kabisa kutafuta fokasi, zinakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza funguo. Kile cha 1.4 kinakula stopu moja, na kwenye lenzi ya f/2.8 au f/4 nakikodisha bila wasiwasi. Kwenye zumu za f/6.3 nimeacha kukikodisha, kwa sababu kinarudi na lawama.

“Ina kitulizi, basi hata shata 1/60 inatosha.” Kitulizi kinatuliza mkono wako. Tandala akigeuza kichwa hakimtulizi. Mnyama anayetembea mpe 1/1000, ndege anayeruka 1/2000, na acha ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga, ipande. Watu wanaogopa chembechembe za ISO 3200 kuliko picha iliyotikisika, wakati chembechembe programu ya kuhariri inazipunguza na mtikisiko unabaki nao. Kuhusu tripodi: ndani ya gari utaiweka wapi? Nenda kwa fundi cherehani, mpe mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, akushonee mfuko, tia maharage kilo mbili, weka juu ya mlango, laza lenzi. Injini izimwe. Nawapa wateja mifuko hiyo bure, na nusu yao wanaiacha hotelini.

“Bila f/2.8 huwezi kupiga wanyama.” Gawanya 600 kwa 2.8: tundu la milimita 214, sahani ya wali mbele ya kamera. Ndiyo maana zumu ndefu za kubebeka zinaishia f/6.3, ambapo tundu ni milimita 95. Kwa asubuhi ya wazi ya Ruaha zinatosha.

Lakini hapo hapo niwatetee wapiga picha wa harusi, maana kila mwaka wanakuja kuniuliza kama 70-200 f/2.8 zao ni za kuacha nyumbani. Hapana! Kama unapanda msitu wa Rungwe kumtafuta kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza 2005 tu, au unaingia Udzungwa kwa mbega wekundu, ile f/6.3 itakuaibisha. Chini ya miti mwanga ni haba, na f/2.8 inaingiza karibu mara tano zaidi. Mnyama mwenyewe yuko juu ya kichwa chako nyuma ya majani, na majani hayapenyeki kwa milimita. Nimeona picha nzuri za mbega zilizopigwa kwa lenzi ya kupigia keki za harusi, na mwenye 600 pembeni akirudi na vivuli.

Mwisho ni wanaonunua lenzi zilizokwisha kutumika. Wanaikataa lenzi kwa sababu ya vumbi ndani. Zumu nyingi hizi zinarefuka ukizivuta, na zikirefuka zinavuta hewa, na hewa ya mbugani ina vumbi. Punje kadhaa hazionekani kwenye picha kabisa. Kinachotakiwa kukutisha ni kuvu. Mulika tochi kwa nyuma, tazama toka mbele: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, rudisha, hata kama ni nusu bei, kwa sababu inakula rangi ya kinga ya kioo. Lenzi zilizokaa kabatini Mufindi au Njombe na ule ukungu wa kule nazikagua mara mbili. Na mtu asiniletee tena lenzi iliyofukiwa kwenye ndoo ya mchele ili “ikauke”. Mchele unanyonya unyevu kidogo sana na unaacha unga kwenye kila ufa. Tumia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, vingi, kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, navyo uvikaushe upya kila baada ya muda. Mchele upike. Maharage ndiyo ya kamera.