Faulo katika snuka: kosa lako ni pointi za mwenzako

Mtu aliyezoea pool ya kijiweni akikaa kutazama snuka kwenye televisheni, kinachomchanganya kwanza ni ubao wa pointi. Mchezaji amepiga mpira mweupe, umepita katikati ya meza bila kugusa kitu, hakuna kilichoingia shimoni. Mara mpinzani wake, aliyekaa kitini na glasi yake ya maji, anaongezewa pointi nne. Zimetoka wapi, na yeye hata fimbo hajashika?

Zimetoka kwenye faulo. Katika snuka ukikosea hupunguziwi pointi zako, anaongezewa mwenzako. Pool ya mitaani mara nyingi huadhibu kosa kwa kumpa mpinzani mapigo mawili, au kumruhusu aushike mweupe kwa mkono na kuuweka apendapo. Snuka inaadhibu kwa hesabu. Kwa sababu hiyo mchezaji anaweza kushinda fremu, yaani mzunguko mmoja kamili wa mchezo, huku fungu zuri la pointi zake likiwa limetokana na makosa ya mwenzake. Na kwa sababu hiyo hiyo mchezaji hodari hutumia dakika nyingi asijaribu kuingiza mpira wowote. Anamtegea mwenzake kosa.

Tuanze na thamani ya mipira, kwa sababu faulo zinahesabiwa kwa thamani hizo hizo. Mezani kuna mipira 22. Mweupe ndio pekee unaopigwa kwa fimbo. Myekundu iko 15, kila mmoja una pointi 1. Kisha kuna rangi sita: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6 na mweusi 7. Unaanza kwa mwekundu. Ukiuingiza, unachagua rangi moja. Ukiiingiza, refa anaitoa shimoni na kuirudisha kwenye alama yake, nawe unarudi kwa mwekundu mwingine. Mwekundu ukishaingia haurudi. Myekundu yote ikiisha, rangi zinaingizwa kwa kupanda, kuanzia njano hadi mweusi, na safari hii haziletwi tena mezani. Kupiga vizuri halafu mpira usiingie si kosa, ni zamu tu imehama.

Anayeingiza myekundu yote 15, kila mmoja akiufuatisha na mweusi, amekusanya mara 15 pointi 8, yaani 120. Rangi za mwisho zina 27. Jumla 147, namba ambayo mashabiki wa snuka huitaja kwa heshima. Steve Davis wa Uingereza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifikia kwenye mashindano rasmi mbele ya kamera za televisheni, mwaka 1982 huko Oldham.

Sasa faulo. Kila unapoinama kupiga, kuna mpira unaotakiwa kuguswa kwanza na mweupe. Hapa nitauita mpira wa zamu. Ikiwa zamu ni ya mwekundu, mweupe ukagusa kwanza njano, ni faulo. Usipogusa chochote ni faulo. Mweupe ukitumbukia shimoni ni faulo, hata kama umeingiza mpira safi kabla yake. Mpira ukiruka nje ya meza ni faulo. Kupiga wakati mipira bado inaviringika, kuusukuma mweupe badala ya kuupiga, kuugusa mara mbili kwa ncha ya fimbo, kupiga huku miguu yote miwili imeachana na sakafu: zote ni faulo. Kuurusha mweupe juu ya mpira unaokuzuia, ufundi ambao kwenye aina kadhaa za pool unapigiwa makofi, kwenye snuka ni faulo.

Kuna moja ndogo ambayo naipenda kuliko zote. Mchezaji amejinyoosha juu ya kundi la myekundu, vidole vya mkono wa kushoto vimesimama kama miguu ya buibui ili fimbo ipite juu, na kishikizo cha mkono wa shati kinaparuza mpira mmoja. Umetikisika, pengine haukusogea hata unene wa kucha. Refa amesimama upande wa pili, hakuona, wala watazamaji hawakuona. Mchezaji anainuka, anamgeukia refa, anasema nimegusa, kisha anakwenda kukaa. Kugusa mpira kwa nguo ni faulo kamili sawa na kuupiga ovyo, na katika snuka ya kulipwa kujitaja ni desturi inayotegemewa. Anayenyamaza akaonekana baadaye kwenye marudio ya kamera, doa hilo humfuata miaka.

Faulo ina bei gani? Kima cha chini ni 4, cha juu ni 7. Kati ya hapo unaangalia mipira iliyohusika na kuchukua thamani kubwa zaidi. Zamu ni ya mwekundu, hukugusa kitu: 4, kwa sababu mwekundu una 1 na bei haishuki chini ya 4. Zamu ni ya mwekundu, umegusa mweusi kwanza: 7. Umetaja bluu, ukagusa njano: 5, maana bluu uliyotakiwa kuigusa ni kubwa kuliko njano uliyoigusa. Umetaja kijani, ukaiingiza, mweupe nao ukafuata shimoni: 4 kwa mwenzako, na zile 3 za kijani huzipati. Ukifanya makosa mawili kwa pigo moja hayajumlishwi, linahesabiwa lile ghali.

Yapo makosa ambayo hayana mjadala, ni 7 moja kwa moja. Mfano ni kuufanya mpira mwingine usio mweupe kuwa ndio wa kupiga kwa fimbo, au kuingiza mwekundu halafu ukafanya faulo kabla hujataja rangi unayoifuata.

Hapa ndipo jina la mchezo linapoingia. Kuzibwa, au kuwekewa snuka, ni pale mweupe unapokaa nyuma ya mpira usio wa zamu, hata huwezi kuufikia mpira wa zamu kwa mstari ulionyooka. Itabidi uuzungushe mweupe kwa kugonga kingo za meza, kingo moja, mbili, wakati mwingine tatu, kwenye meza yenye urefu wa takriban mita tatu na nusu. Neno lenyewe lilikuwa la kijeshi. Maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India waliwaita wanafunzi wapya wa chuo cha kijeshi snuka. Inasimuliwa kwamba mwaka 1875 huko Jabalpur, ofisa kijana aitwaye Neville Chamberlain, ambaye si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, alimwita hivyo mwenzake aliyekosa mpira mwepesi, kisha akasema kwa mchezo huu mpya sote ni snuka. Jina likaganda.

Mtego huu una kasoro moja ambayo kanuni ililazimika kuiziba. Chukulia umezibwa, na myekundu imetawanyika vizuri upande wa pili. Ukijitahidi kwa dhati kuugusa mmoja wao, huenda ukamwachia mwenzako njia nyeupe ya pointi 60. Ukikosa makusudi na kuuficha mweupe mahali salama, unalipa 4 tu. Nani asingelipa? Ndiyo maana kuna hukumu ya misi. Refa akiona jitihada yako haikutosha kwa uwezo wako na hali ya meza, anatamka faulo na misi. Mwenzako anapata pointi zake, na juu ya hapo anaweza kudai mipira irudishwe ilipokuwa, upige tena pigo lile lile. Kwenye mashindano makubwa refa hurudisha mipira huku akilinganisha na picha ya skrini, akiusogeza mweupe kwa ncha za vidole hadi wachezaji wote wawili wakubali. Ukikosa tena, 4 nyingine. Ukikosa mara tano umempa 20 bila yeye kutoka jasho. Ninaposikia mtu akisema snuka inachosha, namwomba atazame dakika hizo tu, jinsi mchezaji anavyozunguka meza akipima pembe, anakosa kwa upana wa uzi, anarudi pale pale alipoanzia.

Adhabu huwa kali zaidi kama hukuzibwa kabisa. Ikiwa mpira wa zamu unaonekana wote kwa mstari wa moja kwa moja na umeukosa mara tatu mfululizo, unapoteza fremu nzima. Refa hukuonya baada ya mara ya pili. Na hukumu ya misi haitolewi pale ambapo mmoja wenu ameachwa nyuma kiasi kwamba mipira iliyobaki haiwezi kumwokoa bila faulo, kwa sababu hapo kukosa makusudi hakumsaidii mtu.

Baada ya faulo ya kawaida mwenzako ana uchaguzi. Anaweza kupiga mipira ilipoishia, au kukuambia upige tena wewe, jambo linalouma hasa kama umejichimbia shimo mwenyewe. Lakini ikiwa kosa lako limemwacha amezibwa, anapewa mpira huru. Kipimo chake ni kigumu kidogo kuliko watu wanavyodhani: haitoshi kuona kipande cha mpira wa zamu. Ni lazima aweze kuugusa ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia kwa mstari ulionyooka. Upande mmoja ukizibwa, ana haki. Anataja mpira wowote mezani, na kwa pigo hilo mpira huo unashika nafasi ya mpira wa zamu na kubeba thamani yake. Akitaja kahawia wakati zamu ni ya mwekundu, kahawia ikiingia anapata 1, si 4. Inarudishwa mezani, naye anachagua rangi kama vile ameingiza mwekundu wa kweli.

Kwa njia hiyo faulo moja inaweza kuzaa mwekundu wa 16. Mwaka 2004, kwenye mechi za mchujo za ubingwa wa Uingereza, Jamie Burnett wa Scotland alipewa mpira huru wakati myekundu yote 15 ikiwa bado mezani. Akaiingiza kahawia kama mwekundu, pointi 1. Akaiingiza tena kama rangi, 4. Kisha myekundu yote 15, akiifuatisha na mweusi mara 12, pinki mara mbili na bluu mara moja, halafu rangi zote sita. Ukijumlisha unapata 148. Lilikuwa jambo la kwanza la aina yake kwenye mashindano ya kulipwa, na lisingewezekana bila kosa la mpinzani wake. Kwa hesabu ya makaratasi, mpira huru ukija mwanzoni kabisa, kilele ni 155.

Bado kuna msemo mmoja wa watangazaji: fulani anahitaji snuka. Maana yake ni hesabu ya kutoa. Zimebaki rangi sita, jumla 27. Ukiwa nyuma kwa 26 unaweza kushinda kwa kuingiza zote. Ukiwa nyuma kwa 30, hata ukizimaliza zote umeshindwa kwa tatu. Unamhitaji mwenzako akosee mara moja, akupe 4, ndipo ushinde kwa moja. Wengi hapo humpa mpinzani mkono na kukubali. Wachache wanabaki, wanaziba, wanasubiri.

Mpira mweusi ukibaki peke yake kanuni hubana zaidi: pointi ya kwanza kupatikana, iwe ni kwa kuuingiza au kwa faulo, inafunga fremu. Ikitokea pointi zimelingana, mweusi unarudishwa kwenye alama yake, sarafu inarushwa kuamua nani aanze, na mweupe unapigwa kutoka ndani ya nusu duara iliyochorwa mezani.

Hakuna aliyeusikia uzito wa kanuni hiyo kama Steve Davis na Dennis Taylor kwenye ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, fainali ya dunia ya 1985. Davis aliongoza fremu 8 kwa 0. Taylor akapanda taratibu hadi 17 kwa 17. Kwenye fremu ya mwisho Davis alikuwa na 62, Taylor 44, zimebaki kahawia, bluu, pinki na mweusi, jumla 22. Taylor hakuhitaji faulo, lakini alihitaji kila kimoja. Akaingiza kahawia, bluu, pinki. 62 kwa 59, mweusi peke yake mezani, na watu milioni 18.5 wa Uingereza hawajalala. Kuanzia hapo kila aliyeinama alijua mambo mawili: mpira huu una 7 ukiingia, na una 7 zile zile kwa mwenzake iwapo mweupe utapotea shimoni. Walipokezana, wakakosa, wakakosa tena. Davis akapata pigo jembamba kwenye shimo la kona, akaukata mno, ukapita. Taylor akainama. Ilikuwa saa sita na dakika 23 usiku alipouingiza, 66 kwa 62, na kwenye mechi nzima ya siku mbili hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza.