Kunena kwa Lugha Ibadani: Yupo Aketiye Mahali pa Mjinga

Ninapofundisha barua za Paulo katika chuo chetu cha theolojia, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Mwalimu, kunena kwa lugha ni halali au si halali?" Yaani kuomba au kusema ibadani, kwa karama (kipawa) ya Roho Mtakatifu, maneno ya lugha ambayo mnenaji hakujifunza. Paulo hakuliuliza swali hilo. Wakristo wa Korintho, mji wa Ugiriki aliowaandikia barua, walikuwa na karama hiyo tele, na yeye mwenyewe anawaambia kwamba ananena kwa lugha kuliko wao wote. Alichowauliza ni kingine: mtu aliyeketi karibu nawe, ukishukuru kwa maneno asiyoyajua, ataitikiaje "Amina"?

Swali hilo limo katika 1 Wakorintho 14:16. Tafsiri ya Biblia ya Union Version inamwita mtu huyo "yeye aketiye katika mahali pa mjinga", na wanafunzi wengi hushtuka wakidhani ni tusi. Kwa Kiswahili cha zamani, mjinga alikuwa pia mgeni ambaye bado hajazijua desturi za mahali alipofika. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo, idiotes, liko karibu na maana hiyo: mtu wa kawaida asiye na ujuzi wa jambo linalofanyika. Kwangu mimi, mtu huyu ndiye ufunguo wa sura nzima ya 14. Kila agizo la Paulo kuhusu lugha linamtazama yeye.

Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari pande mbili, Lekaioni upande mmoja na Kenkrea upande wa pili. Mabaharia, watumwa, wachuuzi na maseremala walitoka kila upande wa bahari. Barua hii iliandikwa kutoka Efeso yapata mwaka 55, wakati waumini walikuwa wakikutana majumbani. Sasa fikiri sebule iliyojaa watu na mgeni amesimama mlangoni. Watu kumi wananena kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa sauti yake. Mgeni anageuza macho huku na huku, akitafuta hata neno moja la kushika. Paulo anaonya kwamba mtu kama huyo atasema mna wazimu. Hamlaumu mgeni kwamba hana imani. Anawageukia walio ndani.

Hapo ndipo anapotoa utaratibu, na ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Wanene wawili, wasizidi watatu, tena zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, mnenaji anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu.

Angalia maneno "zamu kwa zamu". Huwezi kumwambia mtu angoje zamu yake kama hana uwezo wa kungoja. Kwa hiyo anayesema, "Roho alinishika, nisingeweza kunyamaza," anasema jambo ambalo Paulo halikubali. Mistari michache mbele anaandika kwamba roho za manabii huwatii manabii. Najua maneno haya yanawagusa waumini wanyofu, na sitaki kumdharau mtu aliyetokwa na machozi akiwa katika maombi. Lakini Roho wa Mungu hamnyang'anyi mtu kiasi, yaani uwezo wa kujitawala. Kiasi chenyewe ni tunda lake.

Vipi kuhusu kufasiri? Wengine husikia dakika tano za lugha zikifuatwa na sentensi moja ya fasiri, wakaona wamedanganywa. Kufasiri si lazima kuwe neno kwa neno. Ni kueleza maana. Urefu, basi, si kipimo. Kipimo ni kama kanisa limejengwa, na kama kilichosemwa kinapatana na Injili. Paulo anaagiza unabii upimwe na wengine, na sioni sababu ya kuiacha fasiri ya lugha nje ya mizani hiyo. Fasiri inayomtaja mtu kwa jina na kumwamuru aolewe na fulani, au atoe kiasi fulani cha fedha, isipokelewe kwa sababu tu ilitanguliwa na lugha. Wazee wa kanisa waipime. Wakizuiwa kuipima, hiyo peke yake ni dalili mbaya.

Historia nayo ina somo. Uamsho wa Kipentekoste ulipoanza Marekani, kule Topeka mwaka 1901 na katika mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, wengi waliamini kwamba lugha walizopewa ni lugha za mataifa, ili wakahubiri bila kujifunza, kama siku ya Pentekoste kule Yerusalemu, katika Matendo 2. Baadhi yao walisafiri hadi Asia, wakafika, na wenyeji hawakuwaelewa. Ilibidi wajifunze lugha kama wamisionari wengine. Hawakuitupa karama. Waliisoma upya, wakaona kwamba kinachoelezwa Korintho hakifanani kwa kila kitu na kile cha Yerusalemu: Yerusalemu wasikilizaji walielewa bila mkalimani, Korintho hakuna aliyeelewa bila fasiri.

Kuna mambo mawili ninayoyasikia mara kwa mara ambayo lazima niyakemee. La kwanza ni kumfundisha mtu lugha: anaambiwa arudie silabi fulani haraka haraka mpaka ulimi uteleze, kisha anapigiwa makofi. Karama haifundishwi kwa mazoezi ya ulimi. Nimeketi na kijana aliyebeba siri kwa miaka, akijua kwamba alichokisema siku ile mbele ya kanisa alikiiga kwa jirani yake, naye akiogopa kwamba amemkosea Roho Mtakatifu. La pili ni kumwambia Mkristo asiyenena kwa lugha kwamba hajaokoka. Paulo anauliza katika 12:30, "Wote wanena kwa lugha?" na kwa jinsi swali lilivyopangwa, jibu ni hapana. Yako makanisa ya Kipentekoste yanayofundisha kwamba lugha ni ishara ya kwanza ya kubatizwa kwa Roho, lakini hata mengi kati ya hayo hutenganisha ishara hiyo na karama ya kunena ibadani, wala hayaifanyi kuwa sharti la wokovu.

Kwa makanisa yanayokataza kabisa, 14:39 iko wazi: msizuie kunena kwa lugha. Siandiki haya ili mtu apate fimbo ya kumpigia jirani yake. Anayenena kwa lugha chumbani kwake, akiongea na Mungu wake, Paulo hamkatazi. Anasema mtu huyo anaijenga nafsi yake.

Kinachotusumbua leo zaidi ni kipaza sauti. Kiongozi wa sifa anaingia katika maombi yake binafsi, mdomo uko juu ya kipaza sauti, na maombi yaliyokuwa yake na Mungu yanafunika nyumba nzima kwa nusu saa. Hakusudii ubaya. Ila amehamisha chumba chake cha siri akakileta madhabahuni, na mama aliyekuja ibadani kwa mara ya kwanza baada ya msiba anakaa hapo bila neno hata moja la kumfariji. Akiweka kipaza sauti chini, ataendelea kuomba vile vile.

Na mtu akinena kwa sauti katikati ya ibada, kiongozi afanyeje? Ala za muziki zinyamaze. Asubiri kimya kidogo, kisha aulize kwa upole kama yupo mwenye fasiri. Akiwapo, aseme, na wazee wapime. Asipokuwapo, kiongozi awaeleze wageni kwa lugha yao ni nini kimetokea, amwombe ndugu yule aendelee na Mungu wake kimoyomoyo, kisha afungue Neno.