Chuma cha mguuni na bisibisi yake

Mtu akivunjika mguu hapa Malindi, siku hizi mara nyingi kwa bodaboda, jamaa zake huniuliza mimi, daktari wa upasuaji, bei ya chuma cha kuungia mfupa. Natamani waulize na bisibisi.

Majina makubwa ya vyuma vya mifupa ni machache: Johnson & Johnson, iliyoinunua Synthes mwaka 2012, Stryker, Zimmer Biomet na Smith+Nephew. Nyuma yao wako watengenezaji wengi wa India na China, wanaouza kwa bei ya chini zaidi. Malighafi ni zilezile, chuma cha pua au titani, na hataza za pleti nyingi za zamani (pleti ni bamba linalofungwa kwenye mfupa kwa skrubu) zimekwisha muda. Kwa hiyo wanashindania nini?

Wanashindania sanduku. Mara nyingi wakala hulileta kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi, kabla ya upasuaji: pleti, skrubu za kila urefu, keekee, bisibisi. Tukimaliza, tunalipia kilichobaki mwilini mwa mgonjwa, wakala anaondoka na vilivyosalia. Mpango huo unatufaa, maana hospitali ndogo haiwezi kuweka akiba yote hiyo. Ila bisibisi nayo inaondoka.

Skrubu ya milimita 3.5 yaweza kuwa na kichwa cha pembe sita, kinachotaka bisibisi ya milimita 2.5, au kichwa cha nyota. Zile zinazojifunga kwenye pleti zina hesi kichwani inayoshikana na hesi ya tundu, na ya kampuni hii si lazima ikae kwenye pleti ya kampuni ile.

Mama mmoja wa Mambrui alinijia muundi ukitoka usaha. Pleti alikuwa ametiwa mji mwingine, miaka kadhaa nyuma, na karatasi yake ilisema "pleti na skrubu", basi. "Mwanangu, nitoe chuma hiki nipate kulala." Bisibisi niliyokuwa nayo ilicheza ndani ya kichwa cha skrubu mpaka kikalika. Mbili nilizikata vichwa kwa keekee, vumbi la chuma likimwagikia kwenye nyama huku tukiosha na kuosha. Kazi ya saa moja ikala saa tatu. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaisahau.

Bei inaweza kushushwa. India iliweka kikomo cha bei za magoti bandia mwaka 2017. Mwaka 2021 China ilinunua nyonga na magoti kwa mkupuo wa nchi nzima, bei zikashuka kwa wastani wa asilimia 82. Kaunti zetu za Pwani zikinunua pamoja, nitafurahi sana, mradi zabuni idai vifaa vya kutolea vyuma vibaki hospitalini, na aina ya kichwa cha skrubu iandikwe.

Kwa sasa, nabandika lebo za pleti na skrubu kwenye karatasi ya mgonjwa mwenyewe, na chini yake nachora kichwa cha skrubu kwa kalamu: pembe sita, au nyota.