Posho si kichaka cha kujifichia PAYE

"Hiyo ni posho, haikatwi kodi." Kauli hii iko kwenye ofisi za utalii za Arusha, mashamba ya kahawa ya Moshi, hata maduka ya vifaa vya ujenzi. Si kweli, na inawatia waajiri hasara kubwa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inahesabu posho kuwa sehemu ya mapato ya ajira, yanayokatwa kodi ya kila mwezi iitwayo PAYE. Kwa mwajiri binafsi, inayosamehewa kwa kawaida ni ile inayomrudishia mfanyakazi alichotumia kwa kazi ya mwajiri. Jina uliloandika kwenye orodha ya mishahara halina uzito. Mkaguzi atauliza safari ipi, tarehe ipi, risiti iko wapi.

Chukua dereva wa watalii anayebaki na mshahara wa shilingi 400,000 baada ya mchango wa hifadhi ya jamii (NSSF), pamoja na "posho ya usafiri" ya 250,000 kila mwezi, awe safarini au amekaa nyumbani msimu wa masika. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, PAYE ya 400,000 ni 10,400. Ya 650,000 ni 46,000. Pengo ni 35,600 kwa mwezi, 427,200 kwa mwaka. Madereva kumi ni 4,272,000, kabla ya riba na adhabu. Mamlaka ya Mapato (TRA) itakudai wewe mwajiri, maana ndiye uliyetakiwa kukata.

Toa masurufu badala yake, yaani fedha ya safari inayotolewa mapema na kuelezwa kwa risiti. Kabla gari halijaondoka, fomu ionyeshe namba ya gari, siku, na kiasi cha mafuta, chakula na malazi. Akirudi, ndani ya siku tatu alete risiti na chenji. Asiyerejesha asipewe mengine, na kisichoelezwa hadi mwisho wa mwezi kiingie kwenye mshahara wake na kikatwe kodi. Hapa usilegeze hata kwa dereva wa miaka kumi.

Mafuta yapime kwa tangi: jaza kabla ya safari, jaza baada, na piga picha ya kilomita kwenye dashibodi mara zote mbili. Lita 96 kwa kilomita 640 ni lita 15 kwa kila kilomita 100. Likirudi na 22 kwa njia ile ile, uliza kwanza lilitembea kiasi gani mbugani kwa gia ndogo, kabla hujamtuhumu mtu.

Kuna kauli nyingine pia. "VAT ya dizeli nitaidai." Hakuna ya kudai, petroli na dizeli zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT).

"Risiti ni risiti." Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, iwe na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, si ya dereva wala nafasi tupu. Maandishi yake hufifia kwa joto la dashibodi, nawe unatakiwa kutunza kumbukumbu miaka mitano, hivyo ipigwe picha siku hiyo hiyo.

"Hela ya wapagazi ni gharama ya mlima." Ni ujira. Hata wakilipwa pale geti la Mweka, la kushukia Kilimanjaro, kila mmoja aandikwe jina, siku alizobeba na kiasi, kisha asaini mwenyewe. Sahihi moja ya kiongozi wa msafara kwa watu kumi na wanane haithibitishi kwamba hata mmoja wao amelipwa.

"Kiwango kimoja kwa wote ndiyo haki." Afisa mauzo anayetoka Moshi kwenda Arusha na kurudi jioni anahitaji nauli na chakula cha mchana. Anayelala Seronera, ndani ya Serengeti, siku tatu ana gharama zake, na fundi wa pancha wa kando ya barabara asiye na EFD naye aandikiwe vocha: jina, simu, namba ya gari, sahihi.