Ishara za mwendo: mstari wa sakafuni unavyomsaidia mwenye Parkinson kutembea

Ishara ya mwendo ni kitu chochote cha nje ya mwili ambacho mtu anakifuata ili apige hatua: mistari iliyobandikwa sakafuni, mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga mdundo usiobadilika), mtu anayehesabu "moja, mbili, moja, mbili" pembeni yake, hata mguu wa mwenzake uliotangulizwa ili auvuke. Mwenye afya hana haja na hayo, miguu yake inajua kazi. Mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, kinyume chake, anaweza kukwama mlangoni hadi wageni waone aibu, halafu akauona mstari mmoja tu mbele ya kidole gumba chake na akaondoka.

Watu wanaujua Parkinson kwa kutetemeka. Daktari James Parkinson wa London alipouandikia kijitabu mwaka 1817, alitaja pia mwili unaoinama mbele na mwendo unaogeuka mbio bila mwenyewe kupenda. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Miguu ndiyo huleta taabu kubwa zaidi: hatua zinafupika, nyayo zinaburuzwa, mkono mmoja unaacha kupunga. Baadaye, kwa baadhi yao, inakuja hali ya kuganda. Mtu anataka kwenda, anajua aendako, lakini nyayo zimenata chini. Hutokea hasa anapoanza kutembea, anapogeuka, anapopita mahali pembamba, anapokikaribia kiti, au anapoharakishwa. Kuganda kwenyewe huchukua sekunde chache tu mara nyingi, lakini huangusha watu, kwa sababu kiwiliwili kimeshatangulia na miguu imebaki nyuma.

Nyumbani jambo hili huzua maneno. Mzee amepanda ngazi vizuri, kisha amekwama kwenye korido tambarare isiyo na kitu. Wanaomtazama wanasema anadeka. Hadeki. Ngazi inamwonyesha mguu uende wapi kila hatua. Korido haimwonyeshi chochote.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na mwendo wa kawaida. Kutembea hakuhitaji mawazo. Mtu anatoka sokoni huku anapiga hesabu ya chenji, na miguu inaendelea. Kuendesha mambo yaliyozoeleka namna hiyo ni kazi ya viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, navyo hutegemea kemikali iitwayo dopamini. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Misuli ya miguu ni mizima, mishipa ya fahamu inayokwenda huko ni mizima. Kinachopungua ni ile amri ya ndani inayopima urefu wa hatua na kuamua wakati wa kuipiga. Ishara inaleta amri hiyo kutoka nje. Maelezo yanayotajwa sana na watafiti ni kwamba anayefuata mstari au mdundo anatumia njia nyingine za ubongo, zile zinazounganisha macho na masikio na mwendo, ambazo ugonjwa haujaziharibu sana. Wapo pia wanaosema siri ni umakini tu: mstari unamlazimisha mtu aifikirie hatua yake, basi anaitembea kwa akili badala ya mazoea.

Utafiti wa kwanza unaotajwa sana ni wa James Purdon Martin, daktari wa neva wa London, aliyeandika matokeo yake mwaka 1967. Aliwaweka wagonjwa kwenye sakafu yenye mistari na kutazama. Mistari iliyokatiza njia, mmoja baada ya mwingine, iliwafanya watembee. Mistari iliyolala kuelekea wanakokwenda haikuwasaidia. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na ndipo wengi wanapokosea wanapojaribu nyumbani: mstari mmoja mrefu unaoongoza hadi chooni hauna faida, maana hauna cha kuvuka. Lazima kuwe na kitu cha kuvuka.

Miaka ya 1990, huko Melbourne, Australia, Meg Morris, Robert Iansek na wenzao walilichimba swali kwa vipimo. Waliona kwamba wagonjwa waliweza kuharakisha au kupunguza kasi ya hatua, ila hawakuweza kuurefusha mwendo wa hatua moja inavyotakiwa. Walipowekewa alama za sakafuni zenye umbali wa hatua ya mtu mwenye afya wa umri wao, urefu ulirudi karibu na kawaida. Kisha wakawaondolea alama, wakawaambia wazijengee picha akilini na kuifikiria hatua ndefu. Matokeo yakawa yaleyale. Lakini mara tu walipopewa jambo lingine la kufanya huku wanatembea, hatua zikafupika tena. Kwangu mimi jaribio hili lina uzito kuliko nadharia zote, kwa kuwa linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa kupiga hatua ndefu haujapotea, na bei yake ni umakini. Ndiyo maana si vizuri kumsimulia habari za harusi mtu wa namna hii wakati anavuka barabara.

Ishara za sauti zina tabia yake. Mstari unaonyesha mahali pa kukanyaga; mdundo unasema lini. Wanaosukuma ngalawa majini wanaijua kazi hiyo: mmoja anaita, wote wanaitikia, na nguvu zinashuka kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha jaribio ambalo wagonjwa walitembea nyumbani kwao nusu saa kila siku kwa wiki 3, wakifuata muziki uliowekewa mdundo ulio wazi, ukiongezwa kasi kidogo kidogo. Kasi yao ya kutembea iliongezeka kwa asilimia 25 na urefu wa hatua kwa asilimia 12. Muziki wowote hautoshi, hata hivyo. Wimbo mtamu usio na mdundo thabiti unaburudisha moyo tu.

Kisa kinachonishangaza zaidi kilichapishwa mwaka 2010 na madaktari wa Nijmegen, Uholanzi. Mgonjwa wao, mwanaume wa miaka 58, alikuwa ameishi na Parkinson kwa miaka 10 na alikuwa haendi. Daktari alipoutanguliza mguu wake mwenyewe ili mgonjwa auvuke, mgonjwa alijikongoja hatua chache. Alipojaribu mwenyewe, vihatua vilimkimbiza mbele mpaka akaanguka. Kugeuka hakukuwezekana. Kisha akapewa baiskeli. Akaendesha bila shida, akageuka, akarudi. Aliposhuka tu, miguu ikaganda kama kwanza. Wanaodhani wenye Parkinson hujifanya wangepata ushahidi wao hapo, na wangekuwa wamekosea. Madaktari hao walidhani huenda pedali ndizo zinazofanya kazi ya ishara: mguu mmoja ukishuka, wa pili unasukumwa juu kwa wakati wake.

Bado kulikuwa na swali ambalo Ulaya na Marekani lilikuwa gumu kulijibu. Karibu kila mgonjwa huko anatumia levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Je, ishara zinafaa zenyewe, au zinafaa kwa sababu dawa imeshatayarisha njia? Jibu lilitoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita huko kuwatafuta wenye Parkinson katika watu zaidi ya 160,000, wakawapata 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa hawakuwa nayo. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu 21 wa kaskazini mwa Tanzania waliokuwa hawajaanza dawa walifanyishwa mazoezi ya ishara mara 9, nusu saa kila mara, ndani ya wiki 3. Mwendo wao uliongezeka kasi, hata walipotembea huku wakifanya kazi ya pili. Ni matokeo mazuri, ila sababu ya kuwezekana kwake haipendezi: walipatikana wagonjwa wasio na dawa kwa kuwa huduma haikuwa imewafikia.

Ishara haiponyi, wala haizuii ugonjwa kusonga. Jaribio kubwa lililofanyika Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 153, lilikuta nafuu iliyo wazi lakini ndogo, asilimia 4.2 katika alama za mkao na mwendo, na kuganda kulipungua kiasi kwa waliokuwa wakiganda. Wiki 6 baada ya mafunzo kwisha, nafuu ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Kwa hiyo anayetaka faida aendelee kuitumia, na vipindi vichache kwa mtaalamu wa viungo havitoshi peke yake.

Nyumbani vifaa ni rahisi. Utepe wa kunata wenye rangi inayopishana na sakafu, vipande vya upana wa njia, vibandikwe vikiikatiza njia pale mtu anapokwamia: mlangoni, kando ya kitanda, mbele ya choo. Kamba na vijiti visitumike, vitamkwaza. Akiganda, asivutwe mkono. Kumvuta kunakipeleka kiwiliwili mbele na miguu inabaki palepale. Mwacheni asimame, aelemee mguu mmoja, kisha auinue mwingine kuvuka mstari au kiatu chako. Kwenye kona azunguke kwa upinde mpana, asijigeuze papo hapo.

Kujua kama ishara inamfaa, pimeni mita 10 za uwanja. Atembee kwanza bila kitu huku mtu anahesabu hatua, apumzike, kisha arudie na mdundo, na siku nyingine arudie na mistari, mtu akiwa karibu wa kumdaka. Hatua zikipungua idadi naye hajaharakishwa, ishara hiyo inamfaa. Zikizidi kuwa nyingi na fupi, mdundo una kasi mno. Upunguzeni, na ikishindikana mrudi kwenye mistari.