Gari Halijasema Ubadilishe Sensa

"Fundi, gari limesema sensa ya joto la maji imekufa. Nimeshabadilisha mbili, na taa bado inawaka."

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Mzee ametoka Kabale mpaka hapa Ndeeba, Kampala, na Toyota Carina yake ya 1994, na mkononi ana sensa ya tatu ya kupima joto la maji ya injini, haijatolewa hata kwenye boksi. Mzee wangu, gari halijasema hivyo. Gari limesema 22.

Kwa wageni wa hizi kodi, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari (sizungumzii zile za URA, mamlaka ya mapato): kwenye Toyota za umri huu unafungua boneti, unatafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, halafu unafungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka mfululizo, kompyuta haina la kusema. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni 22. Soma kifuniko vizuri, maana ukichomeka waya kwenye tundu lisilo lake unaweza kuunguza kitu.

Kile kidude cha kusoma kodi kwa simu kiache nyumbani. Marekani ililazimisha OBD2, mfumo wa pamoja wa kusoma kodi ambao kidude hicho hutegemea, kwa magari ya kuanzia 1996, lakini Carina yako ilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Hata baadhi ya zilizofuata zina soketi ya pini 16 chini ya usukani, na bado kidude kinatafuta mawasiliano mpaka simu inaishiwa chaji.

Sasa turudi kwenye 22, maana hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Kompyuta inapeleka volti 5 kwenye njia ya sensa ile na kusoma kinachobaki. Ikisoma kitu kisichoingia akilini, inaandika 22: njia imekatika, au imegusana mahali. Nasema njia. Sensa ni kituo kimoja tu. Kuna soketi, kuna pini, kuna waya uliopikwa na joto la injini kwa miaka 30, kuna ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi), kuna panya. Kusoma 22 ukakimbilia dukani ni sawa na kuongea na mtu kwenye simu, laini ikakatika, wewe ukaanza kuchangisha pesa za matanga.

Nilichomoa soketi, nikaipima ile sensa ya pili iliyokuwa kwenye injini. Injini ilikuwa baridi, nikapata kilo-omu 2.4. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na ikifika nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 0.2 na 0.4. Nzima kabisa. Nashuku hata ile ya kwanza aliyoitupa ilikuwa nzima. Nikaishika soketi, nikavuta waya kidogo tu, nao ukanifuata mkononi. Ndani ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nilikata sentimita tatu, nikalehemu waya mwingine, nikatoa fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa kupuliza petroli, kwa nusu dakika ili kumbukumbu ifutike. Taa ikazima.

Kinachoniudhi ni kwamba mzee alikuwa ameshaueleza ugonjwa wote bila mtu kumsikiliza. Asubuhi gari linasumbua kuwaka, mchana halina neno. Kompyuta ya Toyota hizi ikikosa habari za joto hujipa nyuzi 80 na kuendelea na kazi. Kwa hiyo Kabale alfajiri, ukungu umetanda, injini ni barafu, nayo inanyimwa petroli ya ziada ya kuamkia kwa sababu kompyuta inaamini imeshachemka. Mchana ule uongo unakaribia ukweli.

Siyo kwamba mimi sikosei. 21, ya sensa ya oksijeni, bado hunitoa jasho. Sensa hiyo huzeeka kweli, lakini ekzosi iliyotoboka mbele yake nayo huidanganya, na sensa za mtumba hujui zilitoka kwenye gari la namna gani. Mara nyingi naazima ya gari la jirani nijaribu kwanza. Na zipo kodi nilizofuta zisirudi tena, mpaka leo sijui zilitoka wapi. Naisingizia betri chovu.

Ukienda kununua gari kuukuu, fungua swichi uangalie kama taa ya injini inawaka kabla ya kupiga stata. Isipowaka kabisa, huenda mtu ametoa balbu.

Mzee aliniuliza afanyeje na sensa ya tatu. Nikamwambia airudishe. Alirudi baada ya saa moja akiwa nayo: duka halipokei tena spea ya umeme ikishatoka. Akaitia kwenye droo ya dashibodi, akaondoka nayo Kabale.