Kwa nini gari linanuka esansi (petroli) huku kompyuta yake ikilalamika kwamba esansi haitoshi?

Taa ya njano ya injini iliwaka, mashine ya kupimia ikatoa P0171: hewa nyingi, mafuta kidogo. Nikabadilisha sonda, kama mafundi wa Goma wanavyoita sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Baada ya siku 9 taa ikarudi. Nikabadilisha tena, ikarudi tena, na sasa kila nikikwama kwenye foleni ya Birere harufu ya esansi ilinijaa puani.

Maelezo nilikuwa nayo tayari. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, volkano ya Nyiragongo iko mlangoni. Sonda ya Japani itavumilia vipi? Nilimweleza hivyo yeyote aliyekubali kusikiliza. Nilikosea. Hewa yetu ni nyepesi kweli, lakini oksijeni ndani yake ni asilimia 21, ileile ya Mombasa. Tena sonda hulinganisha pande mbili, moshi wa ndani ya bomba na hewa ya nje, na ukipanda mlima pande zote mbili hupanda nawe.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: nilidhani sonda inapima esansi. Esansi haiijui kabisa. Inajua oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Habari za mafuta kompyuta inajikisia yenyewe.

Kichwa cha sonda ya kawaida ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, kimepakwa platini ndani na nje. Fikiria Petite Barrière, pale mpakani tunapovukia kwenda Gisenyi, Rwanda. Upande mmoja ukifurika watu na wa pili ukiwa mtupu, getini ni kusukumana. Pande zikikaribia kulingana, askari anaweza hata kusinzia. Oksijeni nayo husukumana hivyo kupita kwenye kauri, na msukumo huo ndio umeme: moshi usio na oksijeni hutoa takriban volti 0.9, wenye oksijeni ya kutosha 0.1. Na geti hilo halifunguki kukiwa baridi. Linataka nyuzi 300 hivi, ndiyo maana sonda nyingi zina kipasha joto chao ndani.

Sasa weka ufa kwenye bomba, kabla ya sonda. Moshi hutoka kwa mapigo, na baada ya kila pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kidogo kuliko la nje, hasa gari likiwa limesimama linanguruma tu. Ufa unavuta hewa. Ni mrija wa soda uliotoboka: chupa imejaa, wewe unameza hewa. Sonda inaona oksijeni na kuitangaza, bila uongo wowote. Kompyuta inaongeza esansi. Ufa hauna habari, unaendelea kuvuta. Kompyuta inaongeza tena, mpaka ifike kikomo, kwa magari mengi karibu asilimia 25, ndipo taa inawaka. Buji (plagi) isiyowaka huleta fumbo hilohilo: silinda inatema esansi na oksijeni bila kuzichoma, na sonda inaona oksijeni peke yake.

Sonda hufa pia, kwa uzee au kwa silikoni isiyofaa iliyopakwa kwenye injini. P0171 huweza vilevile kutoka kwenye pompi dhaifu ya mafuta, ila hapo kwa kawaida hakuna harufu. Na Toyota nyingi za karibuni zina sonda ya aina nyingine, volti hizi haziihusu.

"Mzee, sonda imekufa tena," nikamwambia fundi mmoja wa Katindo.

"Sonda mbili mwezi mmoja? Mwanangu, kesho lete gari likiwa baridi. Washa, halafu nyamaza."

Tik-tik-tik, chini ya kapo (boneti). Baada ya dakika chache sauti ilififia, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka na kubana ufa. Kwenye gasketi ya kolekta, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, palikuwa na mstari wa masizi, mwembamba kama wanja. Barabara zetu za mawe ya lava zilikuwa zimetikisa bomba mpaka likaachia.

Alibadilisha gasketi, kisha akaomba ile sonda ya zamani kabisa, niliyokuwa nimeifunga kwenye gazeti, akairudisha mahali pake. Ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Zile mbili mpya ziko chini ya kiti.